Utumbo Mpana si Mtaro



Tangazo lenyewe mnalijua. Limebandikwa kwenye nguzo ya umeme, limezunguka kwenye magrupu ya simu, limesomwa redioni kabla ya taarifa ya habari. Linasema ndani ya tumbo lako mna kilo kadhaa za uchafu wa miaka, umegandamana kwenye kuta za utumbo, unatoa sumu, na sumu hiyo ndiyo inayokuletea uchovu, chunusi, kitambi, presha na, kwa muuzaji asiye na haya, hata ugumba. Kisha inatajwa dawa: unga wa kukoroga, chai ya majani, mpira na ndoo ya maji, au mashine yenye kitanda chake. Bei utaambiwa ukipiga simu.

Sikuja kuwacheka wanaonunua. Kukaa siku nne bila choo ni mateso, na mwenye mateso hutafuta nafuu pale anapoweza kufika. Nimekuja kusema jambo moja, ambalo tangazo haliligusi kabisa: kila anayesafisha utumbo anavuruga maji na chumvi za mwili wake, na mtu haugui kwa uchafu uliobaki tumboni kama anavyougua kwa maji na chumvi zilizovurugika.

Tuanze na hesabu ya maji. Mtu mzima hupata kwa kunywa na kula kama lita 2 kwa siku. Mate yake ni lita 1.5 hivi. Mfuko wa chakula unamwaga kama lita 2.5 za majimaji yenye tindikali, ini linatoa nusu lita ya nyongo, kongosho lita 1.5, na utumbo mwembamba unaongeza lita 1 ya kwake. Zote pamoja ni karibu lita 9, na zinapita tumboni mwetu kila siku tunapoendelea na shughuli zetu bila habari. Utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita 6 hivi, unarudisha sehemu kubwa kwenye damu. Lita 1.5 hivi zinafika kwenye utumbo mpana, na huo, pamoja na ufupi wake wa mita 1.5, unazikamua mpaka zibaki mililita 100 au 200 za kutoka na choo.

Sasa mnaona kwa nini nimeupa mhadhara jina hili. Mtaro hupitisha tu; ukiziba unaumwagia maji, unasukuma, mambo yamekwisha. Utumbo mpana una ukuta hai unaochagua. Seli zake huvuta sodiamu kutoka kwenye choo na kuirudisha kwenye damu, na maji huifuata sodiamu. Potasiamu nayo hutolewa kidogo kidogo kwenda kwenye choo, pamoja na bikaboneti, ile inayozuia damu isiwe na tindikali kupita kiasi. Kazi hii inafanywa ndani ya mipaka myembamba sana. Sodiamu ya damu inatakiwa iwe kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Potasiamu ni kati ya 3.5 na 5 tu. Asilimia 98 hivi ya potasiamu yote ya mwili imejificha ndani ya seli, na kale kasehemu kanakobaki kwenye majimaji ya nje ndiko kanakoamua kama msuli wa mguu utanyanyuka na kama moyo utapiga kwa mpangilio.

Na ule uchafu wa miaka kumi? Ngozi ya ndani ya utumbo hujibadilisha yote kila baada ya siku 3 hadi 5. Seli kuukuu zinapukutika, mpya zinapanda, na juu yake kuna ute unaoteleza. Kitu cha miaka kumi kingeshika wapi? Mtu anayetazama utumbo kwa kamera, ukiwa umeandaliwa vizuri, anaona ukuta wa waridi unaong'aa.

Imani hii ina historia, na si ya kwetu. Mwaka 1887 daktari Mfaransa Charles Bouchard alitoa kitabu kilichoeneza wazo kwamba mwili hujitia sumu kutokana na vinavyooza tumboni. Lilikuwa wazo la wasomi, si la wachuuzi. Bakteria walikuwa ndio kwanza wanagunduliwa kuwa huleta magonjwa, na kila mtu aliwaogopa. Huko London, Sir William Arbuthnot Lane wa hospitali ya Guy's, mmoja wa mafundi wakubwa wa upasuaji wa zama zake, alifika mahali akawa anawakata wagonjwa utumbo mpana kwa sababu ya kukosa choo. Kule Battle Creek, Michigan, John Harvey Kellogg, ambaye jina la ukoo wake mnaliona kwenye maboksi ya nafaka za asubuhi, aliwapa wageni wake mtindi wa kunywa, na mwingine akawapitishia kwa njia ya haja kubwa.

Jibu lilikuja mwaka 1922, na mimi nalipenda kwa unyenyekevu wa vifaa vyake. Mtafiti Mmarekani Arthur Donaldson alijiuliza: kama kichwa kinauma na hamu ya kula inapotea kwa sababu ya sumu iliyomo kwenye choo, je, utumbo ukijazwa kitu kisicho na sumu? Akachukua pamba, akawajaza nayo watu waliokubali, katika sehemu ile ya mwisho ya utumbo. Dalili zikaja zile zile za mtu aliyekosa choo. Pamba ilipotolewa, zikaondoka papo hapo. Sumu iliyokwishaingia kwenye damu haiondoki papo hapo. Kilichokuwa kinawasumbua ni ule utumbo kutanuka, na mishipa ya fahamu kupeleka habari. Madaktari wengi waliachana na nadharia ya kujitia sumu tangu miaka hiyo. Biashara haikuachana nayo.

Naomba mtazame hapa mezani. Nina glasi ya maji, na nina kijiko cha maganda ya isabgol, yale yanayouzwa kwenye maduka mengi ya viungo. Nakoroga. Tukiendelea kuzungumza dakika chache, mtaona maji yamekuwa uji mzito unaotikisika glasi ikiguswa. Isabgol yenyewe ni kitu kizuri, hulainisha choo. Lakini unga mwingi unaouzwa kwa jina la kusafisha utumbo ni isabgol hii hii iliyochanganywa na udongo wa bentonaiti. Ukiumeza mara tatu kwa siku, baada ya siku mbili utatoa kitu kirefu, cheusi, kinachonata, chenye umbo la kamba. Ukipiga picha umpelekee muuzaji, atakupongeza: huo ndio uchafu wako wa miaka. Umenunua kamba, umeimeza, umeitoa, na umelipia.

Hayo ni ya kupoteza fedha. Sasa nije kwenye ya kupoteza uhai.

Njia ya kwanza ni maji matupu kupitia mpira. Watu husema, maji ni maji, yatanidhuru nini? Maji ya bomba hayana chumvi ya maana, na ukuta wa utumbo mpana, kama tulivyoona, ni hodari wa kunyonya. Ukiyaingiza mengi, yakakaa, yanapita kwenda kwenye damu na kuizimua. Sodiamu inashuka chini ya 135, na ikishuka kwa haraka mpaka karibu na 120, seli za ubongo huvuta maji na kuvimba. Mtu anaanza na kichwa na kichefuchefu, anachanganyikiwa, halafu degedege. Mtoto mdogo hufika huko kwa maji kidogo sana. Kwa hiyo kina mama wanaowapitishia watoto maji au dawa za majani kwa kile kibofu cha mpira, desturi iliyoenea sana Kongo na sehemu nyingine za bara letu, nawaomba waiache. Sisemi hivyo kwa kudharau mila. Mwili wa mtoto hauna akiba ya kusahihisha kosa.

Njia ya pili ni kinyume chake: chumvi nyingi. Kuna maelekezo yanayozunguka ya kunywa lita ya maji ya uvuguvugu yenye vijiko viwili vya chai vya chumvi alfajiri, kabla ya kitu chochote. Vijiko hivyo viwili ni gramu 10 hadi 12. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku nzima, kwa vyakula vyote. Baadhi ya maji hayo yatatoka kwa kishindo, ndiyo. Baadhi ya chumvi itabaki, na mwenye presha au moyo uliochoka ataijua kabla ya jua kuchwa.

Njia ya tatu ni dawa za fosfeti, za kunywa na za kupitisha chini. Hizi hospitali zimezitumia miaka mingi, na bado zina mahali pake. Lakini fosfeti ikizidi kwenye damu huishika kalsiamu. Kalsiamu inashuka na misuli inakakamaa, huku fuwele zikiganda kwenye vijirija vya figo. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba kutumia zaidi ya dozi moja ndani ya saa 24 kumehusishwa na upungufu mkubwa wa maji, figo kuharibika na vifo. Zingatieni: dozi ya pili tu. Na sisi tunajua tabia yetu, kidonge kisipofanya kazi kwa saa tatu tunaongeza kingine.

Kuhusu kahawa nitasema kidogo. Max Gerson, daktari aliyehamia New York kutoka Ujerumani, aliipitisha kwa njia ya haja kubwa kwa wagonjwa wa saratani, na mpaka leo wapo wanaomfuata. Mwaka 1980 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha taarifa ya vifo viwili vilivyohusishwa na kahawa hiyo, na chumvi za damu zilikuwa zimevurugika. Kahawa ya Bukoba inywewe kikombeni.

Njia ya nne ndiyo ya kwetu zaidi, nayo ni ya kuendesha: sanamaki, shubiri, mafuta ya nyonyo, chumvi ya haluli. Wazee waliopo hapa wanakumbuka kubanwa pua na kunyweshwa. Mimi sina ugomvi na sanamaki. Ni dawa ya kweli, imo hata kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwa kuwa ni dawa ya kweli inaweza kudhuru kweli. Husisimua utumbo usukume kabla haujamaliza kunyonya. Ukiinywa usiku mmoja kwa sababu choo kimekuwa kigumu, hakuna neno. Tatizo ni kuigeuza chai ya kila jioni.

Tumfikirie mama wa miaka 58 mwenye presha na miguu inayovimba, anayemeza furosemaidi kila asubuhi. Dawa hiyo inatoa maji kwenye mkojo, na potasiamu inatoka nayo. Anaambiwa na shoga yake juu ya chai ya kusafisha tumbo, anaanza. Sasa potasiamu inamtoka njia mbili. Wiki ya kwanza anafurahi, mizani imeshuka kilo mbili. Hizo ni maji na choo, mafuta hayajaguswa. Wiki ya pili ngazi zinakuwa ndefu, mapaja mazito, usiku misuli ya mashavu ya miguu inamkaza. Siku moja moyo unadunda, unaruka, unadunda tena. Anampigia muuzaji simu. Anajibiwa: usiogope mama, hizo ni sumu zinatoka, ongeza dozi.

Hapo ndipo ninapowalaumu, na nalaumu kwa sauti. Ukipata nafuu, dawa imefanya kazi. Ukizidiwa, dawa inafanya kazi. Hakuna matokeo yanayoweza kumwonyesha muuzaji kwamba amekosea, na mgonjwa anayehitaji kipimo cha potasiamu na picha ya mapigo ya moyo siku hiyo hiyo anabaki nyumbani akinywa tena.

Ajabu ni kwamba somo hili tunalijua. Kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015, kila mtu alijua kwamba kuharisha kunaua kwa kukausha maji na chumvi. Chukueni pakiti ya ORS, geuzeni msome nyuma: kwa lita moja ya maji, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu, gramu 2.9 za sitreti. Ile gramu moja na nusu ya kloridi ya potasiamu haikuwekwa kwa mapambo, inarudisha potasiamu iliyotoka. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alionyesha kwamba maji ya chumvi na sukari yaliyotolewa na watu wa kawaida, bila sindano, yanaokoa maisha. Mchanganyiko huo wa bei ndogo uko kwenye zahanati zetu. Tunampa mtoto anayeharisha, halafu sisi wazazi tunalipa fedha nyingi zaidi ili tuharishe.

Nisisahau mashine. Kati ya mwaka 1978 na 1980, katika kliniki moja ya magharibi mwa Colorado, watu wasiopungua 36 walipata amiba baada ya kuoshwa utumbo kwa mashine. Kumi walilazimika kukatwa utumbo mpana, na sita kati yao wakafa. Wachunguzi waliipima mashine baada ya kusafishwa kama ilivyokuwa kawaida ya pale, wakaikuta imejaa bakteria wa kinyesi. Waliokuwa kwenye hatari kubwa kuliko wote ni wale waliolala kwenye kitanda kile mara tu baada ya mteja aliyekuwa anaharisha damu. Amiba kwetu si mgeni. Anayekwenda kuoshwa aulize mpira unatupwa au unasuuzwa. Kutobolewa utumbo nako kumeripotiwa, na huko hakuna maelezo marefu: ni upasuaji, upesi.

Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa, labda kwa kutojua. Tanzania na Kenya watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi wanatumia kidonge chenye dolutegravir. Magnesiamu hushikana na dawa hiyo tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu. Chumvi ya haluli ni magnesiamu. Ndiyo maana maelekezo ya dolutegravir yanasema imezwe saa 2 kabla ya dawa za kuendesha au za tindikali zenye madini hayo, au saa 6 baada yake. Mkaa wa unga nao, ambao siku hizi unauzwa kama msafishaji, hauchagui. Unanyonya dawa ya kifafa, ya moyo, ya uzazi wa mpango, sawasawa na hiyo inayoitwa sumu.

Mtu ataniuliza, mbona mimi nilisafisha nikajisikia mwepesi? Nakuamini. Utumbo uliotanuka umeachiwa, tumbo limelala, na kwa siku tatu hukula chipsi wala soda. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima na moyo mzima, mara moja hupita salama. Hata bakteria wema wa utumbo, wale wanaogeuza nyuzinyuzi kuwa chakula cha ukuta wenyewe, hurudi baada ya siku au wiki chache. Mimi nasemea wale wasiojua kama figo zao ni nzima, na ugonjwa wa figo hauna kelele mwanzoni.

Kama shida ni choo, jawabu liligunduliwa jirani hapa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi miaka ya 1960, miaka mingi akiwa Mulago. Baadaye yeye na wenzake walipima jambo ambalo wasomi wengine waliona aibu kulipima. Mwaka 1972 walichapisha: wanakijiji wa Uganda walitoa choo cha wastani wa gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa kama saa 36. Wanamaji vijana wa Uingereza walitoa gramu 104, na chakula kiliwachukua saa 83. Tofauti aliyoiona Burkitt ilikuwa kwenye sahani. Wazungu wakaanza kununua pumba za ngano. Sisi tukahamia sembe iliyokobolewa ikawa nyeupe kama karatasi, mkate mweupe na chipsi, na sasa tumefikia kuuziwa mpira na ndoo. Dona, kunde, maharage, mchicha, papai, ukwaju, maji ya kunywa na kutembea kwa miguu havina tangazo kwenye nguzo kwa kuwa hakuna wa kukulipisha kamisheni. Anayetoka kwenye sembe aongeze taratibu, kwa wiki mbili tatu, la sivyo gesi itamfanya anilaani.

Kusafisha utumbo kwa haki kupo, na sitaki mtu atoke hapa akikataa maandalizi ya hospitali. Anayefanyiwa kolonoskopi lazima utumbo uwe mweupe, ama sivyo kidonda au uvimbe mdogo utafichwa. Dawa inayotumika sana ni polietilini glaikoli iliyochanganywa na chumvi kwa vipimo maalumu, ili maji mengi yapite bila kunyonywa sana wala kuvuta chumvi za mwili. Si tamu, na ni lita kadhaa. Watu huacha nusu, wakadhani wamemaliza.

Na wapo ambao hawatakiwi kabisa kuoshwa kabla hawajapimwa: mwenye damu kwenye choo, aliyekonda bila sababu, ambaye choo chake kimebadilika ghafla kwa wiki kadhaa, hasa akiwa amevuka miaka 45, na anayeumwa tumbo likiwa gumu huku akitapika. Kwa huyu wa mwisho utumbo unaweza kuwa umeziba, na dawa ya kuendesha inaweza kuupasua. Wengine hao watatu wanaweza kuwa na saratani ambayo bado inatibika, na kila mwezi wanaokaa kwenye chai ni mwezi umepotea. Ukifika kwa daktari, taja kila unachomeza, na hiyo chai pia, hata kama utaona haya. Bila kujua hilo hatapima potasiamu, na akipima hataelewa kwa nini imeshuka.